Kijana aliyekesha saa 264

Mwanzoni mwa Januari 1964, mjini San Diego, California, kijana wa miaka 17 aitwaye Randy Gardner alipewa hesabu ndogo ya kichwa: aanze na 100, atoe 7, kisha atoe 7 tena, aendelee hivyo hivyo. Akaenda vizuri. 93, 86, 79, 72, 65. Hapo akanyamaza. Alipoulizwa mbona ameacha, alijibu kwamba hakumbuki alikuwa akifanya nini.

Ilikuwa siku ya 11 tangu alale mara ya mwisho.

Kisa cha Gardner husimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara husimuliwa kama ushujaa: kijana alikesha siku 11, akalala usiku mmoja mrefu, akaamka mzima. Anayesikia huondoka na jambo moja kichwani, kwamba kumbe inawezekana. Nimekisoma kisa hiki kwa miaka, na kila nikikirudia naona kinasema kinyume chake. Kinasema usingizi haukwepeki hata kwa mtu aliyeazimia kuukwepa. Tena kinasema jambo linaloniogofya zaidi: aliyekosa usingizi ndiye wa mwisho kujua ameharibikiwa kiasi gani, na hata mtaalamu aliyekaa mbele yake anaweza asilione.

Jinsi ilivyoanza

Gardner na rafiki yake Bruce McAllister walikuwa wanafunzi wa sekondari waliotafuta mradi wa maonyesho ya sayansi. Rekodi ya kukesha iliyotajwa wakati huo ilikuwa saa 260. Walitaka kuipita, na humo humo waandike kinachompata mtu akinyimwa usingizi. McAllister alisimulia baadaye kwamba walirusha sarafu kuamua nani akeshe na nani aandike, na kura ikamwangukia Gardner. Lakini mwangalizi naye alipaswa kukesha, maana mtu hawezi kuthibitisha kwamba mwenzake hakulala huku yeye mwenyewe anakoroma. Baada ya siku chache McAllister alizinduka ameegemea ukuta, na kumbe kumbukumbu zake alikuwa akiziandika ukutani badala ya kwenye karatasi. Ndipo wakamwita rafiki wa tatu, Joe Marciano, ili wapokezane.

Tukio hilo la ukutani hupitwa haraka na wasimuliaji. Kwangu mimi ni ushahidi wa kwanza wa kisa kizima: usiku wa tatu tu, na mkono unaandika wakati akili haipo.

Gardner alianza asubuhi ya Desemba 28, 1963 na kumaliza Januari 8, 1964. Jumla ilikuwa saa 264 na dakika zake. Hakutumia dawa za kumtoa usingizi. Hili lina uzito, kwa sababu mwaka 1959 mtangazaji wa redio wa New York, Peter Tripp, alikuwa amekesha saa 201 hadharani pale Times Square kwa ajili ya kuchangisha fedha za hisani. Tripp aliona vitu ambavyo havikuwepo, akawashuku madaktari wake, na mwishoni alikuwa kama mtu aliyepagawa. Ila katika saa za mwisho alikuwa akipewa dawa za kumchangamsha, kwa hiyo hakuna anayeweza kutenganisha kilicholetwa na kukesha na kilicholetwa na dawa. Kwa Gardner mlango huo umefungwa. Kilichoonekana kwake ni kazi ya kukesha peke yake.

Habari zilipofika magazetini, William Dement, mtafiti wa usingizi kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, alikwenda San Diego kumfuatilia. Upande wa afya ulikuwa chini ya John J. Ross, daktari wa Jeshi la Majini la Marekani. Wawili hawa ndio mashahidi wakuu, nao hawakuona kitu kimoja.

Siku kwa siku

Maelezo ya Ross ndiyo yenye kina. Siku ya 2, macho ya Gardner yalishindwa kutulia juu ya kitu kimoja, na alipopewa vitu avitambue kwa kuvipapasa, alipata shida. Siku ya 3 akawa mtu wa kununa, mwendo wake ukaanza kuyumba, na sentensi za kutatiza ulimi zikamshinda. Siku ya 4 hasira ilikuwa karibu, kumbukumbu ilikatikakatika, na akaitazama alama ya barabarani akaona mtu. Siku hiyo hiyo ilimjia imani kwamba yeye ni mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani.

Ukisoma haraka utadhani kuanzia hapo mambo yaliporomoka moja kwa moja. La. Kulikuwa na saa za nafuu. Mchana alikuwa na uhai, usiku wa manane ndio uliomkamata shingo, na rafiki zake walimpigisha mpira wa kikapu ili asikae, maana kukaa ni kulala. Alipoingia msalani walizungumza naye kupitia mlangoni. Kufumba macho kulikatazwa, hata kwa kisingizio cha kuyapumzisha.

Kupanda na kushuka huku kuna maelezo mazuri, ingawa yalikuja miaka mingi baadaye. Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély alieleza kwamba usingizi unaendeshwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni shinikizo linalojikusanya kadiri unavyokaa macho. Ya pili ni saa ya mwili, ambayo makao yake ni fungu dogo la seli ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana. Saa hiyo haijali umelala au hukulala. Asubuhi ikifika inasukuma mwili uamke, usiku ukiingia inalegeza. Mtu aliyekesha huhisi nafuu kukicha, akasema "usingizi umeniishia". Haujaisha. Saa ya mwili imepandisha sauti yake tu, na deni lililo chini limebaki pale pale, linaongezeka.

Deni hilo lina umbile halisi la kikemikali. Seli za ubongo zinapotumia nishati huacha adenosini. Inajikusanya mchana kutwa, inashika vipokezi vyake kwenye seli, na kadiri inavyozidi ndivyo shughuli ya ubongo inavyozimishwa taratibu na kope zinavyokuwa nzito. Kahawa haiiondoi. Kafeini hukalia tu vipokezi ambavyo adenosini ingekalia, na ikishapungua mwilini, adenosini iliyokuwa ikingoja nje huingia yote kwa pamoja. Kinachoiondoa ni kulala.

Siku ya 6 ulimi ulikuwa mzito na majina ya vitu vya kawaida yalimtoka. Siku ya 9 mawazo yalikuja vipande vipande, akianza sentensi bila kuimaliza. Siku ya 10 alimshuku mtangazaji mmoja wa redio kwamba anamfanyia njama aonekane mpumbavu. Siku ya 11 uso ulikuwa umekufa ganzi, sauti haina mpando wala mshuko, na ilibidi achokozwe ndipo aseme neno. Ndiyo siku ya ile hesabu ya kutoa 7.

Mashahidi wawili

Sasa sikiliza ushahidi wa pili. Katika siku hizo hizo za mwisho, Dement alicheza na Gardner kwenye mashine ya mchezo wa kurusha kigololi, na Gardner akamshinda. Kisha kijana akakaa mbele ya waandishi wa habari akaongea vizuri, bila kugugumia, kama mtu aliyetoka kitandani. Dement aliondoka na hoja kwamba kukesha muda mrefu hakumfanyi mtu kuwa mwendawazimu. Kutokana na hapo kisa kikasambaa kama habari njema.

Nani alisema kweli? Naamini wote wawili waliona sawasawa walichokiona. Tofauti iko kwenye kipimo. Mchezo wa kigololi una taa, kelele, ushindani, na kila sekunde kitu kipya kinadai jibu. Mkutano wa waandishi nao umejaa macho yanayokutazama. Mambo kama haya huushika ubongo uliochoka na kuuinua kwa muda, kama mtu anayesinzia anavyokurupuka akisikia jina lake likiitwa. Tena mpinzani wake hakuwa mtu aliyepumzika, kwani Dement naye alikuwa akikesha kumwangalia. Kutoa 7 ni kazi ya aina nyingine kabisa. Haina msisimko wowote. Inakutaka ushike namba moja akilini, uifanyie kazi, uweke jibu mahali pa ile ya kwanza, ukumbuke na kanuni ya mchezo, bila msaada wowote kutoka nje. Huko ndiko Gardner alikokatika.

Utafiti uliofuata umelithibitisha hili mara nyingi. Kipimo kinachomuumbua aliyekosa usingizi si fumbo gumu. Ni jambo la kuchosha: kaa mbele ya kioo cha kompyuta kwa dakika 10, na kila ukiona namba imetokea, bonyeza kitufe. Mtu aliyelala hujibu kwa wastani ule ule. Aliyekesha hujibu haraka, haraka, haraka, kisha kwa sekunde nzima au zaidi hayupo. Halafu anarudi na hajui kwamba alitoka.

Nalitilia mkazo hili kwa sababu maisha mengi yamepotea ndani ya sekunde hizo. Kuendesha gari kwenye barabara iliyonyooka usiku hakufanani na mchezo wa kigololi. Kunafanana na kubonyeza kitufe. Watafiti wa Australia Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa uwezo sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifika saa 24, ni kama asilimia 0.10. Saa 17 maana yake ni mtu aliyeamka saa 12 asubuhi na bado yuko macho saa 5 usiku. Huyo hajakesha, wala hajioni mchovu kupita kiasi.

Je, kweli hakulala?

Swali hili ndilo linalonivutia kuliko yote. McAllister alisema baadaye kwamba vipimo vya ubongo wa rafiki yake vilipochunguzwa, vilionekana kama ubongo ambao muda wote umekuwa ukilala kwa mafungu, sehemu hii ikisinzia na ile ikiwa macho. Kwa miaka mingi maelezo kama hayo yalisikika kama porojo. Kisha mwaka 2011 watafiti Vladyslav Vyazovskiy na wenzake, pamoja na Giulio Tononi, walichapisha kazi yao juu ya panya waliozuiwa kulala. Panya walikuwa wamefumbua macho, wanatembea, mawimbi ya jumla ya ubongo ni ya mnyama aliye macho. Lakini mafungu madogo ya seli yalikuwa yakizima kwa muda mfupi mfupi, hasa jinsi ambavyo seli huzima katika usingizi mzito. Panya waliokuwa wakijifunza kufikia chembe za sukari walikosea pale seli za eneo linalohusika zilipozima.

Tukiliweka hilo mbele ya Gardner, orodha ya Ross inaanza kusomeka upya. Vidole havitambui kitu kilicho kiganjani. Jina la kitu cha kawaida halipatikani. Sentensi inaanza na haina mwisho. Alama ya barabarani inakuwa mtu. Si lazima tuseme ubongo ulikuwa umeharibika. Inatosha kusema ulikuwa umelala, hapa na pale, huku mwenyewe anatembea. Kiswahili kina neno zuri kwa hali ya kuwa kati ya kulala na kuamka: mang'amung'amu. Gardner aliishi humo siku nyingi. Ndoto ziliruhusiwa kupita mlango uliokuwa wazi.

Kwa hiyo hata saa 264 za kukesha hazikuwa saa 264 za kukesha. Rafiki wawili wa zamu, daktari, mpira wa kikapu, mlango wa msalani, vyote vilizuia mwili kulala kitandani. Hakuna kilichozuia ubongo kulala ulipotaka.

Deni lilivyolipwa

Januari 8 Gardner alipelekwa hospitali ya jeshi la majini akawekewa waya za kupima mawimbi ya ubongo. Akalala saa 14 na dakika 40 hivi. Hata tukimhesabia saa 7 tu za kila usiku, alikuwa amekosa zaidi ya saa 70. Usiku wa pili alilala kama saa 10 na nusu, kisha taratibu akarudi kwenye kawaida yake.

Wanaodharau usingizi hupenda namba hizi. Wanasema: ona, saa 70 zimelipwa kwa kama 25, kwa hiyo zilizobaki hazikuwa na kazi. Lakini tazama ni usingizi gani uliorudishwa. Usingizi si kitu kimoja. Kuna ule mwepesi wa mwanzo, kuna mzito ambao mawimbi ya ubongo yanakuwa makubwa na ya polepole, na kuna wa ndoto, ambao Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman waliueleza mwaka 1953, macho yakicheza chini ya kope huku misuli ya mwili imelegezwa. Mzunguko wa hatua hizi huchukua kama dakika 90 na hurudiwa usiku kucha. Katika usiku wa Gardner wa kulipa, usingizi mwepesi haukurudishwa ila kidogo sana. Mzito na wa ndoto ndivyo vilivyopewa nafasi. Na usingizi mzito wa mtu aliyekesha huwa na kina kuliko ule wa siku zote, kwa hiyo saa moja yake inabeba kazi zaidi.

Mwenye njaa ya siku nyingi hachagui viungo, anachagua chakula. Ubongo wa Gardner ulichagua. Na kama unachagua, basi kuna kitu unachokifuata huko, kitu ambacho kupumzisha mwili peke yake hakukipi. Mtu anaweza kulala chali gizani usiku mzima macho wazi, misuli ikapumzika vya kutosha, na asubuhi bado akawa taabani.

Ubongo unafuata nini?

Sehemu ya jibu ni kumbukumbu. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walirekodi seli za hipokampasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo, katika panya, seli ambazo kila moja huwaka panya akipita mahali fulani. Panya walipolala usingizi mzito, seli zilizokuwa zimewaka pamoja safarini zilielekea kuwaka pamoja tena. Mchana ulikuwa ukirudiwa. Hipokampasi hupokea mambo mapya haraka lakini si ghala la kudumu, na usingizini yanayofaa husimikwa kwenye tabaka la nje la ubongo. Ukikesha baada ya kujifunza, unapoteza ulichojifunza. Ukikesha kabla ya kujifunza, hupati pa kukiweka.

Tononi na Chiara Cirelli wanaongeza hoja ninayoiona kuwa na mantiki sana. Kuwa macho ni kujifunza, na kujifunza kunaimarisha viungio kati ya seli. Kila kiungio kilichoimarishwa kinakula nishati na nafasi. Haiwezekani viendelee kukua bila kikomo. Usingizi, kwa maelezo yao, ni wakati wa kuvipunguza kwa ujumla, vyenye nguvu vibaki juu na vya kelele vififie. Hapo naielewa ile 65 ya Gardner. Ubongo uliojaa siku 11 za mambo ambayo hayakupogolewa haukuwa na pa kushikia namba moja ndogo.

Na ile hasira ya siku ya 4, na mtangazaji aliyeshukiwa siku ya 10? Seung-Schik Yoo, Matthew Walker na wenzao walipiga picha za ubongo wa watu waliokesha usiku mmoja tu, mwaka 2007. Wakionyeshwa picha za kuudhi, amigdala, sehemu inayowaka kwa hofu na hasira, iliitikia kwa takriban asilimia 60 zaidi kuliko kwa waliolala, na uhusiano wake na sehemu ya mbele ya ubongo inayoituliza ulikuwa umelegea. Usiku mmoja. Nawaza ni ugomvi kiasi gani wa nyumbani ungeahirishwa mpaka asubuhi ukafutika wenyewe.

Kuna pia suala la usafi. Mwaka 2013 maabara ya Maiken Nedergaard ilitangaza kwamba kwa panya waliolala, nafasi kati ya seli za ubongo ilipanuka kwa kama asilimia 60 na majimaji yakapita kwa wingi yakiondoa taka, ikiwemo beta-amiloidi, protini inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer wa kupoteza kumbukumbu. Maelezo haya yalipendwa haraka mno. Mwaka 2024 kundi jingine lilipima panya kwa njia tofauti likapata kwamba uondoaji ulipungua usingizini, na wataalamu bado wanabishana. Anayekuambia kwamba tunalala ili ubongo uoshwe, basi, anakupa kama jambo lililokwisha amuliwa kitu kilichoko bado mezani.

Ambacho siku 11 hazikuonyesha

Moyo wa Gardner, mapafu yake, figo zake, vyote vilionekana kwenda sawa. Hapa ndipo kisa kinapopotosha zaidi, kwa sababu mtu mmoja, kijana, mwenye afya, aliyetazamwa siku 11, hawezi kusema mengi juu ya mwili.

Panya wamesema zaidi, kwa bahati mbaya yao. Miaka ya 1980 Allan Rechtschaffen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliweka panya wawili juu ya kisahani kilicho juu ya maji. Mmoja akianza kusinzia, kisahani kilizunguka na wote wawili walilazimika kutembea wasitumbukie. Mwenzake angeweza kulala pale wa kwanza alipokuwa macho, kwa hiyo wote walitembeshwa sawa na mmoja tu ndiye aliyenyimwa usingizi. Walionyimwa kabisa walikufa wote, au waliuawa walipokuwa karibu kufa, baada ya siku kati ya 11 na 32. Kabla ya kufa walikula zaidi na zaidi huku wakikonda. Joto la mwili lilishuka. Vidonda vilitokea kwenye mikia na nyayo. Walipopasuliwa hakikupatikana kiungo kimoja cha kulaumiwa, ingawa Carol Everson baadaye alikuta bakteria kwenye damu ya panya walionyimwa usingizi, kama ngome ambayo walinzi wake wameacha lango wazi. Mwaka 2020 maabara ya Dragana Rogulja huko Harvard iliona jambo jingine: nzi walionyimwa usingizi walijaza utumboni molekuli haribifu za oksijeni, na walipopewa vitu vya kuzizima, waliishi muda unaokaribia wa kawaida bila kulala.

Rechtschaffen aliwahi kusema kwamba kama usingizi hauna kazi ya lazima kabisa, basi ni kosa kubwa kuliko yote ambayo mageuzi ya viumbe yamewahi kufanya. Mnyama aliyelala hali, hazai, halindi wanawe, na anayemwinda anamkuta pale pale. Na bado kila mnyama aliyechunguzwa vizuri ana namna yake ya kulala. Pomboo, ambaye lazima apande juu kuvuta pumzi, hulaza nusu ya ubongo huku nusu nyingine ikiogelea. Ingekuwa rahisi zaidi kuacha kulala, kama kuacha kungewezekana.

Kwa binadamu ushahidi wa mwili unatoka kwa watu wasiokesha kabisa, wanaolala pungufu. Mwaka 1999 Karine Spiegel, Eve Van Cauter na wenzao waliwalaza vijana wanaume 11 saa 4 kwa usiku kwa siku 6, na namna miili yao ilivyoshughulikia sukari ikasogea kuelekea hali ya mtu anayenyemelewa na kisukari. Mwaka 2015 Aric Prather na wenzake walipima usingizi wa watu 164 kwa kifaa cha mkononi, kisha wakawatia virusi vya mafua puani. Waliolala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano wa kuugua mara 4 na zaidi kuliko waliolala zaidi ya saa 7.

Kati ya tafiti zote hizi, ya Hans Van Dongen, David Dinges na wenzao ya mwaka 2003 ndiyo ningeiweka kando ya kitanda cha Gardner. Watu walilazwa saa 4, 6 au 8 kwa usiku, wiki 2 mfululizo. Wa saa 6 walizorota siku hadi siku, mpaka walipofikia upungufu kama wa mtu aliyekesha usiku mzima. Wa saa 4 walifika kwenye kama usiku 2 wa kukesha. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, hisia yao ya kusinzia ilipanda siku za mwanzo kisha ikatulia. Walijiona wamezoea. Mstari wa makosa uliendelea kupanda, mstari wa "naendelea vizuri" ukalala.

Ndiyo maana rekodi ya Gardner hainishangazi kama inavyowashangaza wengine. Mtu wa saa 264 alikuwa na watu wa kumwangalia, daktari, na tarehe ya kumaliza. Mtu wa saa 6, anayeamka kesho na keshokutwa na mwaka ujao kwa kengele ya simu, hana hata mmoja wa hao, na akiulizwa atajibu kama Gardner alivyowajibu waandishi, kwa sentensi nzuri zilizonyooka.

Baada ya kisa

Rekodi ya Gardner ilivunjwa na wengine waliokesha zaidi. Mwaka 1997 Guinness, wenye kitabu cha rekodi za dunia, waliacha kabisa kupokea rekodi za kukesha, kwa sababu ya hatari yake.

Gardner mwenyewe aliendelea na maisha yake, na kwa miongo mingi alilala bila shida. Kisha, akiwa mtu mzima wa miaka kama 60, usingizi ukamkimbia. Mwaka 2017, akizungumza na redio ya umma ya Marekani, alieleza kwamba kwa takriban miaka 10 aliishi na kukosa usingizi kusikovumilika, akawa mkali kwa kila kitu, na aliwaza kama haya ni malipo ya alichofanya ujanani. Hakuna daktari anayeweza kuunganisha mambo mawili yaliyopishana kwa miaka zaidi ya 40, nami siyaunganishi. Ila aliyakumbuka yale yaliyompata siku zile 11, na safari hii hapakuwa na sarafu iliyorushwa wala tarehe ya mwisho. Aliwaambia waliomsikiliza kwamba usingizi ni kitu ambacho lazima uwe nacho.